Kupima barua pepe ya kazi nyumbani bila kusumbua watu

Mwongozo huu ni wa mtu anayefanyia kazi nyumbani na ambaye ndiye fundi wake mwenyewe: mhasibu wa kujitegemea, mtafsiri, wakala wa forodha, mwenye kampuni ndogo ya kuongoza watalii. Ameshanunua kikoa, yaani jina lake la mtandaoni. Ameshalipia kisanduku cha barua kwa kampuni inayohifadhi tovuti. Programu ipo kwenye kompyuta na kwenye simu. Kilichobaki ni kujua kama barua zinatoka na kuingia, na hapo ndipo wengi hufungua orodha ya watu wanaowafahamu na kuanza: "Test." "Test 2." "Umeipata?" "Samahani, hebu niangalizie tena."

Ujumbe huo hauna habari yoyote kwa anayeupokea, ila unampa kazi. Aufungue, ajiulize kama ni utapeli, apekue folda ya Taka, halafu akujibu. Akiwa ni mteja, ameshakuona unahangaika na vyombo kabla hujamfanyia lolote. Nawe hupati jibu la kutegemea, kwa sababu "nimeipata" haikuambii barua ilipita wapi, ilikaguliwa vipi, wala kwa nini ya mtu mwingine haikufika. Karibu kila unachotaka kujua kinaweza kupimwa kwenye visanduku vyako mwenyewe, na kwa usahihi kuliko jibu la mtu.

Anwani za kujaribia

Kabla ya kugusa mipangilio, fungua visanduku viwili vya bure kwa watoa huduma wawili tofauti, kwa mfano Gmail na Outlook. Viwe vyako, na visiwe vile unavyotumia kila siku. Sababu ya kutaka vilivyo nje ya kikoa chako ni hii: ukituma kutoka anwani yako ya ankara kwenda anwani yako ya maulizo, zote za kikoa kimoja, barua mara nyingi huishia ndani ya seva ileile. Haijatoka nje, haijakaguliwa na mgeni, kwa hiyo itafika hata kama rekodi za kikoa chako zimekaa vibaya. Wengi hudanganyika hapa. Wanaona kila kitu kiko sawa, kisha wiki ya kwanza ya kazi ankara zinaangukia kwenye Taka za wateja.

Huhitaji kufungua visanduku kumi. Gmail hupuuza maandishi yaliyo kati ya alama ya kujumlisha na alama ya @. Ukiongeza +mteja1 au +mteja2 baada ya jina lako, barua zote zitaingia kwenye kikasha kilekile, na utaona kila moja ililengwa kwa nani. Kwa kisanduku kimoja unapata "wateja" wengi unavyotaka.

Usibuni anwani kichwani. test.com ni kikoa cha kweli chenye mwenyewe, na vivyo hivyo kwa majina mengi mafupi ambayo mkono huyaandika bila kufikiri. Mwaka 2008 Washington Post ilieleza habari za mtayarishaji programu wa Seattle aliyekuwa na kikoa cha donotreply.com na aliyekuwa akipokea barua za benki na makampuni ambayo watu wake waliandika jina hilo wakidhani haliendi popote. Baadhi ya barua hizo zilikuwa na taarifa za wateja. Ukihitaji anwani ya mfano kwenye fomu, kwenye kiolezo cha ankara au kwenye picha ya maelekezo, tumia majina yaliyotengwa kwa kazi hiyo tangu 1999: example.com, example.org, example.net, au jina lolote linaloishia na .example, .test au .invalid. Andika juma@duka.example na hakuna Juma atakayesumbuliwa.

Kupokea, kisha kutuma

Kupokea na kutuma ni huduma mbili, kila moja na mipangilio yake. Ndiyo maana mtu huweza kusoma barua zote vizuri huku kila anayoiandika inaganda bila kutoka. Pima moja kwanza, ikishakaa sawa ndipo uende kwenye ya pili.

Anza na kupokea. Andika kutoka Gmail yako kwenda kwenye anwani mpya. Barua ikionekana kwenye ukurasa wa wavuti wa mtoa huduma lakini haionekani kwenye simu, kosa liko kwenye simu. Isipoonekana popote, kagua rekodi za kikoa, hasa ile ya MX inayoelekeza barua zako zipelekwe seva gani. Kwenye programu, kupokea kwa IMAP kwa njia salama hutumia poti 993; kutuma hutumia 465 au 587. Poti 25 ni ya seva kuzungumza na seva nyingine, na mitandao mingi ya nyumbani na ya simu huifunga ili kompyuta zenye virusi zisimwage barua taka. Ukikuta maelekezo ya zamani yanakutaka uweke 25, achana nayo.

Seva ikikataa hutoa namba. Isome kabla ya kubofya tena. Namba inayoanza na 4 maana yake ni "si sasa hivi", na seva inayotuma itarudia yenyewe baadaye. Inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja. 535 ni jina la mtumiaji au nenosiri. 550 mara nyingi ni kisanduku kisichokuwepo, au seva ya upande wa pili imekataa barua yako. Maneno yanayofuata namba ndiyo yanayosema ni lipi kati ya hayo.

Usibahatishe nenosiri. Seva nyingi humfungia anayekosea mara kadhaa mfululizo, na hufungia anwani ya IP anayotokea. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, kwa hiyo ukitumia bando la simu na ukafungiwa, huenda umewafungia na wengine wasiokujua wala wasiojua kilichotokea. Ukikosea mara ya pili, fungua ukurasa wa wavuti wa mtoa huduma uhakikishe nenosiri hapo, kisha urudi kwenye programu. Anayetuma kupitia akaunti ya Gmail yenye uthibitishaji wa hatua mbili, na programu yake haina njia ya kuingia moja kwa moja kwa Google, atahitaji nenosiri maalumu la programu, lenye herufi 16. Lile la kawaida litakataliwa kila mara hata likiandikwa sawasawa.

Pima pia barua ya kurudishwa. Kutoka Gmail yako andikia jina ambalo hujalifungua kwenye kikoa chako, tuseme hayupo@ na jina la kikoa. Ndani ya dakika chache unapaswa kupata taarifa kwamba mtu huyo hayupo. Usipoipata, huenda mtoa huduma amewasha kisanduku kinachopokea kila kitu. Hilo lina faida na hasara: mteja aliyekosea herufi ya jina lako atakufikia, lakini na kila mwagaji wa barua taka atakufikia. Jaribio hili lifanye kwenye kikoa chako tu. Kubahatisha majina kwenye seva ya kampuni nyingine ndivyo wafanyavyo wanaochuma anwani za watu, nawe utahesabiwa miongoni mwao.

Angalia saa ya kompyuta. Barua hubeba saa ya mtumaji pamoja na tofauti yake na saa ya dunia: Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni +0300, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni +0200. Kompyuta yenye tarehe ya mwaka jana inaweza kuzika ankara yako chini kabisa ya kikasha cha mteja, naye akaapa kwa haki kabisa kwamba hajaiona.

Kilicho kwenye kichwa cha barua

Hapa ndipo jaribio lako linapozidi la rafiki. Tuma barua moja kwenda Gmail yako, ifungue kwenye kompyuta, kisha kwenye menyu ya nukta tatu chagua kuona ujumbe wa asili. Utaona maandishi mengi ya kiufundi. Tafuta mstari unaoanza na Authentication-Results. Ndani yake kuna maneno matatu ya kushughulika nayo: spf, dkim na dmarc, kila moja likifuatwa na pass, fail au neno jingine.

SPF ni orodha, kwenye rekodi za kikoa chako, ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni sahihi ya kidijitali inayobandikwa kwenye kila barua, ili mpokeaji athibitishe kwamba haikubadilishwa njiani. DMARC huangalia kama angalau moja kati ya hayo mawili limepita na linakubaliana na jina linaloonekana kwa msomaji, na huieleza seva ya mpokeaji ifanye nini lisipopatikana hata moja. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM. Anayetuma barua 5,000 na zaidi kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe nayo yote matatu. Wewe hutafika huko, lakini weka yote matatu hata hivyo. Kikoa kisicho na ulinzi huo ni rahisi tapeli kukitumia, na atakaowaandikia kwa jina lako ni haohao wateja wako.

Kosa linalojirudia zaidi ni kuwa na rekodi mbili za SPF. Aliyetengeneza tovuti aliweka moja. Baadaye huduma ya kutuma majarida ikakuelekeza uongeze nyingine, nawe ukaongeza. Kikoa kinatakiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, ukaguzi unaishia kwenye kosa la permerror na zote mbili hazifanyi kazi. Ziunganishe ziwe mstari mmoja.

Ukibadilisha rekodi, subiri. Kila rekodi ina muda wa kukumbukwa na seva za dunia. Ikiwa umeandikwa 3600, hiyo ni saa nzima, na barua unazotuma kabla saa hiyo haijaisha zinaweza kukaguliwa kwa rekodi ya zamani. Anayetuma jaribio kila dakika hupata majibu yanayopingana na kuishia kuharibu kilichokuwa sawa. Anzisha DMARC kwa p=none, ambayo hutazama bila kuzuia, na ripoti zake zielekeze kwenye anwani ya kikoa chako mwenyewe. Ripoti hizo huja nyingi na katika muundo wa XML. Usimwelekezee aliyekutengenezea tovuti bila kumwuliza.

Barua ya kujaribia iandike kama barua ya kweli. Ujumbe wenye neno "test" na mwili mtupu unafanana na taka, kwa hiyo ukitupwa kwenye Taka hujajifunza chochote. Weka salamu, sentensi mbili tatu za kazi, ankara ya mfano na sahihi yako ya kawaida. Ndipo utakapogundua kwamba jina la mtumaji linasomeka "info" badala ya jina la biashara, au kwamba simu imebandika chini ya barua tangazo lake kwa Kiingereza. Ukiwa na shaka zaidi, mail-tester.com hukupa anwani ya muda; unaituma barua hapo na unapewa alama kati ya 10 pamoja na sababu. Matokeo hufunguliwa na yeyote mwenye kiungo, hivyo usiweke humo jina la mteja wala namba ya akaunti.

Na barua ikiangukia kwenye Taka za kisanduku chako cha majaribio, usikimbilie kubofya kwamba si taka. Kufanya hivyo kunakifundisha kisanduku hicho tu. Kwa wateja wako hali itabaki vilevile, nawe utakuwa umepoteza kipimo chako.

Kwa viambatisho, Gmail haikubali kutuma barua inayozidi MB 25, na faili likibebwa na barua huvimba kwa karibu theluthi moja. Faili la MB 20 kwa hiyo linaweza kugoma huku wewe ukiona bado kuna nafasi. Jitumie, ulipakue kwa simu kwa bando lako mwenyewe, uone mpokeaji atalipa nini kulifungua.

Wapo wanaotaka seva yenyewe iwe nyumbani, kwenye kompyuta iliyo chini ya meza. Kwa barua za kazi nashauri wasifanye hivyo. IP ya nyumbani hubadilika, aghalabu haina rekodi ya kuitambulisha kinyumenyume, na nyingi ziko tayari kwenye orodha za Spamhaus, shirika la kupambana na barua taka, za anwani zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja. Atakayeshikilia wazo hilo lazima apime jambo moja kabla ya mengine yote: akiwa nje ya mtandao wa nyumbani, bila kuingia kwa nenosiri, aiombe seva ipokee barua kutoka anwani moja ya nje kwenda anwani nyingine ya nje, zote mbili zikiwa zake. Ikikubali, aizime usiku huohuo. Seva ya namna hiyo hupatikana haraka na wamwagaji taka, na wanaosumbuliwa huwa ni maelfu.

Majibu ya otomatiki

Hili ndilo jaribio linaloweza kuwaudhi wengine bila wewe kujua. Ukiwasha jibu la "nipo safarini" kwenye kisanduku halisi ili uone linavyoonekana, kila atakayeandika katika muda huo ataambiwa hupo. Fanya jaribio kwenye anwani mpya ambayo hujampa mtu. Usishangae likijibu mara ya kwanza na kunyamaza mara ya pili: huduma nyingi humjibu mtu mmoja mara moja tu kwa kipindi fulani. Gmail humrudia aliyeandika tena baada ya siku nne. Ukimya huo umewekwa makusudi, ili mashine mbili zisijibizane usiku kucha. Kwa sababu hiyohiyo usipime kwa visanduku viwili ambavyo vyote vimewashwa jibu la otomatiki.

Kusambaza barua kuna mtego wake. Anwani ya kwanza ikisambaza kwenda ya pili, na ya pili kwenda ya kwanza, barua huzunguka hadi seva ichoke kuhesabu na kuirudisha na malalamiko. Chora kwenye karatasi nani anampelekea nani kabla ya kuwasha. Kumbuka pia kwamba barua iliyosambazwa hufeli SPF kwa kawaida, maana inatokea kwenye seva ambayo mtumaji wa awali hakuitaja. Kipimo cha SPF kifanye kwa barua iliyokuja moja kwa moja.

Orodha ya wateja

Mwezi Novemba 2016 huduma ya afya ya Uingereza, NHS, ilizidiwa na barua zake yenyewe. Ujumbe wa kujaribu ulitumwa kwenye orodha mpya iliyodhaniwa kuwa ndogo, kumbe ilikuwa imewabeba mamia ya maelfu ya wafanyakazi. Wengi walijibu wote wakiomba waondolewe, na majibu hayo ndiyo yaliyoifanya mifumo ikwame. Mwezi Juni 2021 HBO Max iliwatumia sehemu ya wateja wake barua yenye kichwa "Integration Test Email #1", isiyo na lolote la maana ndani. Hizo ni taasisi zenye idara za mitambo. Anayefanya peke yake mezani kwake hana mtu wa kumzuia mkono.

Basi orodha ya kujaribia iwe faili tofauti, na jina lake liseme hivyo. Ndani yake weka anwani zako zenye +mteja1, +mteja2, na moja ya Outlook. Acha makusudi jina moja likiwa tupu uone kama barua itasema "Ndugu ," na weka jina jingine lenye apostrofi, kama la Ng'wanza, uone kama litaharibika. Faili la wateja halisi lisifunguliwe kabisa siku ya majaribio. Wala usinakili sehemu yake "kidogo tu" kwa kujaribia: anwani za watu ni taarifa binafsi chini ya sheria ya Tanzania ya 2022 na ya Kenya ya 2019, na mteja alikupa yake ili umtumie ankara.

Kama ankara zinatoka kwenye programu uliyotengenezewa au kwenye fomu ya tovuti, mwombe aliyeitengeneza aielekeze kwanza kwenye Mailpit. Ni programu ya bure inayokaa kwenye kompyuta yako na kupokea barua zote kwenye poti 1025 bila kuzitoa nje. Unazisoma kwa kivinjari kwenye poti 8025. Hapo unaweza kutuma ankara mia tano za mfano, na hakuna hata moja itakayovuka mlango.

Anwani halisi zikiingizwa, zisome moja moja. Mwezi Julai 2023 iliripotiwa kwamba barua nyingi za jeshi la Marekani zilikuwa zikielekezwa Mali kwa miaka, kwa sababu watu waliandika .ml badala ya .mil. Kwako itakuwa .co badala ya .co.tz, au gmail iliyopinduliwa herufi mbili.

Ukilazimika kumwomba mtu

Kuna jambo moja visanduku vyako haviwezi kulijibu: kwa nini seva ya taasisi fulani, yenye vichujio vyake, inakataa barua zako tu. Hapo unahitaji mtu aliye ndani. Mpigie au mwandikie WhatsApp kwanza. Asiwe mteja mwenye malipo yanayosubiri. Awe mtu mnayezoeana naye katika ofisi hiyo, au fundi wao wa mitambo. Mweleze utatuma barua moja, saa ngapi, kutoka anwani ipi, na unataka aangalie nini: imeingia kikasha au Taka, PDF inafunguka, jina linasomekaje. Kichwa cha barua kiseme wazi: "Jaribio la barua pepe, kama tulivyoongea." Isipofika, usitume ya pili papo hapo. Soma namba ya kukataliwa, rekebisha, kisha mwombe tena. Ikikaa sawa mwambie imekwisha, ili asiendelee kuchungulia folda ya Taka kwa ajili yako.

Baada ya hapo zima majibu ya otomatiki uliyoyawasha kwa majaribio, ondoa usambazaji usiouhitaji, rudisha programu ya ankara kwenye seva halisi, kisha jitumie ankara moja ya mwisho kutoka humo. Visanduku vya majaribio vibakize. Utavihitaji ukihama mtoa huduma, ukinunua simu mpya, au ukijiunga na huduma nyingine ya kutuma majarida.